Hodi ya Tatu

Nakumbuka siku moja ya jua kali mjini Mahajanga, watu wamefunga madirisha wapumzike, mtu alibisha hodi kwetu mara tatu. Nilikuwa upande wa pili wa mlango, mkono wangu karibu kabisa na komeo, nikanyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Leo mimi ni koko, bibi mwenye mjukuu anayefanya kazi hotelini, ambaye ni wewe, na bado hodi ile sijaijibu.

Mwanangu Faiza, usidhani nimekuita hapa Marodoka nikukaripie kwa lile la Jumamosi. Tutalifikia. Kunywa chai kwanza, ingawa najua utasema haina sukari.

Wakati huo nilikuwa nalelewa na Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yangu. Alikuwa akiuza vitambaa mtaa wa Mahabibo. Sisi asili yetu Ngazija, lakini nyumbani tulisema Kimalagasi kama majirani, shuleni Kifaransa, na Kingazija kilibaki cha kusalimia wazee na kugombana. Nyuma ya nyumba, tukichangia ua mmoja, waliishi Mama Soa na binti yake Soa, rika langu. Walitufulia nguo. Mimi na Soa tulisukana nywele, tukachekana, tukagombania kioo kimoja. Lakini sahani yake ilikaa jikoni na yangu sebuleni, na sikumbuki hata siku moja niliyojiuliza kwa nini.

Sasa sikiliza jambo ambalo Mama Mkubwa hakupenda kulitaja. Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi hivi, miaka ya sabini ikielekea kwisha, zilitujia siku mbaya mjini pale. Watu wetu wa Ngazija waliwindwa mtaani. Wengi waliosalimika walirudishwa Komoro, wakaacha nyumba na makaburi ya wazazi wao. Mimi na Mama Mkubwa tulipona kwa sababu Mama Soa alitufungulia mlango. Tulibisha hodi mara moja tu, wala hakuuliza ni nani. Akatuingiza chini ya kitanda chake, kisha akakaa kizingitini na ungo, akipepeta mchele na kumwambia kila aliyeuliza kwamba ndani hamna mtu. Nilimwona mgongo tu kutoka pale chini. Mchele mwingi ulimwagika.

Miaka ikapita, tukasahau haraka kama wasahauvyo watu waliopona. Baba Mkubwa, mume wa Mama Mkubwa, alikuwa baharia wa meli za mizigo. Safari moja alirudi kutoka Reunion na televisheni, deki, na sanduku la kanda. Humo ndani mlikuwa na tamthilia ya mambo ya anga na miaka ijayo, kwa Kifaransa. Ilikuwa ya zamani hata kwa wakati ule. Kompyuta zake zilikuwa makabati yenye taa, na vyombo vyake vya angani vilitingishika kana kwamba kuna mtu anavishika kwa uzi. Jina lake lilikuwa refu, kwa hiyo mtaani tuliiita Milango.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Katika mji mmoja uliofunikwa kwa paa la kioo, milango yote ilijifungua yenyewe, lakini kwanza ilimtambua mtu. Watu wa ghorofa za juu walitembea tu, milango ikawapisha, hata hawakuwa na habari kwamba kuna milango. Wa ghorofa za chini, waliowafulia na kuwasafishia, walisimama mbele ya milango hiyo hiyo na haikusogea. Hakuna aliyewafukuza wala kuwatukana. Kulikuwa na msichana wa chini, mfuaji, na rafiki yake wa juu aliyezoea kuzungumza naye kupitia kioo.

Kila Ijumaa baada ya alasiri nyumba yetu ilijaa. Jamaa na wateja wakubwa walikaa sebuleni kwenye viti, na watu wa uani walisimama nje ya dirisha. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma, mimi nilikaa juu ya kizingiti cha dirisha nikiwatafsiria wa nje kwa Kimalagasi. Ai, nilijiona mtu mkubwa! Nilitia chumvi, niliigiza sauti, wakanipigia makofi kama vile tamthilia nimeitunga mimi.

Ninachokumbuka zaidi ni vile tulivyotazama. Wa sebuleni walishangaa vyombo. Walipoona watu wanaongea na sura ya mtu kwenye kibao cha mkononi, Mama Mkubwa alicheka mpaka akafuta machozi, akasema hayo hata wajukuu wa wajukuu wetu hawatayaona. Sasa wewe unacho kibao hicho na hukiweki chini hata ukila. Lakini wa uani hawakuuliza habari za vyombo. Soa aliniuliza tangu siku ya kwanza, "Mlango ule, nani aliuambia usimfungulie?" Nikamwambia ni mashine. Akasema, "Mashine ilizaliwa na nani?" Nilimcheka, nikasema hajui mambo ya sayansi.

Ikafika kanda ya mwisho. Mama yake yule msichana mfuaji alikuwa anaishiwa na pumzi, na hewa safi ilikuwa juu. Msichana akambeba mpaka kwenye mlango. Rafiki yake alikuwa upande wa pili. Ingetosha ausogelee, ungefunguka. Aliwatazama kupitia kioo. Kisha akatazama nyuma, kule sherehe ilikokuwa inaendelea, akageuka na kuondoka polepole, na picha ikaishia hapo.

Sebuleni wakasema hadithi gani hii isiyo na mwisho. Nje walinigeukia mimi. Soa alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili, vidole vimekunjamana kwa sabuni. Akaninong'oneza, "Enhe? Imekuwaje?"

Nikasema, "Amefungua. Wamekumbatiana, mama amepona."

Uani walishangilia. Soa alilia kwa furaha, akafuta uso kwa salova yake, ile kanga yetu ya kujifunga. Nilijiambia kuwa nimemwonea huruma. Si kweli, mwanangu. Niliona aibu. Nyuma yangu kulikuwa na viti na mbele yangu kulikuwa na nondo, na sikutaka yeyote wa pande hizo mbili aone alichokuwa amekaa juu yake mkalimani wao.

Haikupita miezi mingi, ikaja ile siku ya hodi. Walikuja wageni kutoka hapa kisiwani Nosy Be kunichumbia, jamaa za babu yako, watu wa Marodoka wenye kujiheshimu. Walishuka kutoka Nosy Be mpaka bandari ya Antsahampano kwa jahazi, kisha siku mbili za barabara mbovu. Mama Mkubwa hakulala kwa maandalizi. Alipika mokari, vile vitumbua vya mchele na nazi, za kulisha mtaa mzima, na mlango wa uani aliukomea tangu asubuhi ili beseni za nguo zisipite mbele ya wageni. Baada ya chakula tulikaa, mimi nimejifunika, nimeambiwa nisitabasamu sana.

Ndipo niliposikia, "Hodi."

Neno hilo kwetu lina watu wengi. Wangazija wanalisema, Waswahili wanalisema, na Wamalagasi wenyewe husema haodi. Anayelisikia hana kisingizio cha lugha. Nikaijua sauti ya Soa mara moja. Nikainuka, nikafika mlango wa mbele. Mama Mkubwa akanikata jicho, akasema kwa midomo tu, "Tuna wageni."

"Hodi," kwa mara ya pili.

Soa alikulia uani kwetu, adabu yetu aliijua kuliko mimi. Mtu hubisha hodi mara tatu, asipojibiwa huondoka zake bila kugonga wala kuita. Na shida yake haipigii kelele barabarani. Huingia kwanza, akakaa, ndipo akasema. Mimi niliyajua haya yote. Nilijua kwamba ikifika ya tatu, hatabisha tena. Mkono wangu ulikuwa hapa, na komeo hapa.

"Hodi."

Nikasikia miguu yake ikishuka ngazi, haraka. Nikarudi kuketi. Mama wa babu yako akasifu mokari.

Mama Soa alikuwa amebanwa na kifua, hawezi kuvuta pumzi. Pikapu ya Baba Mkubwa ilikuwa imeegeshwa kivulini, mbele ya nyumba, na dereva alikuwa amelala ndani yake. Soa aliiona, lakini angeamshaje dereva wa watu bila ruhusa ya wenyewe? Akaenda kutafuta puspusi, kigari kile kinachovutwa na mtu kwa mikono. Saa ile ya joto wavutaji wote walikuwa wamelala. Alipompata mmoja, wakampakia mama. Alikata roho njiani, kabla hawajaliona lango la hospitali.

Siku ya tatu tulikwenda kuhani, mimi na Mama Mkubwa, na vitambaa na sukari. Tukabisha hodi. Soa alijibu ya kwanza tu: "Mandrosoa," karibuni. Alitupa maji, alitupa mkeka. Mama Mkubwa alilia, na hakuwa anaigiza. Alikuwa anautazama uvungu wa kitanda. Tulipoaga, Soa akanisindikiza mpaka kizingitini. Akasema kwa sauti ya chini, bila ukali wowote, "Mariama, wewe ulisema mlango ulifunguka."

Alichosema ni hicho tu. Hakuwa ananilaumu kwa kudanganya, kwa sababu hakujua kwamba nilidanganya. Alikuwa anashangaa. Aliamini kuna mji, japo ni wa kwenye kioo, ambako rafiki alifungua, na hakuelewa kwa nini haukuwa mji wetu. Nilipaswa kumwambia papo hapo kwamba haukufunguka, kwamba waliotunga ile hadithi walikuwa wananijua mimi kuliko nilivyojijua. Niliinama nikavaa viatu. Kabla ya harusi yangu Soa alikuwa ameshahama Mahajanga. Nilimtafuta miaka na miaka, nikaulizia Ambanja, nikaulizia Ankify kwa wanaopanda boti. Sikumpata. Nimeolewa, nimezaa, nimezika, na sentensi hiyo bado iko kooni mwangu.

Sasa tuje kwenye lile la Jumamosi. Ulisahau dawa zako za pumu mezani kwangu. Nikazifunga pamoja na mokari, nikapanda teksi ya watu wengi mpaka hotelini kwako. Mlinzi hakuwepo. Nikasimama mbele ya ule mlango wa kioo. Mbele yangu wakapita vijana wawili wa Kizungu, ukafunguka. Nilipousogelea mimi, ukabaki umefungwa. Nimeambiwa unafunguka kwa kadi, haya, sawa. Nikakuona kwenye meza yako, na watu wamekuzunguka. Ukaniona, Faiza. Ukainamia karatasi.

Nikasema hodi. Nilijua sauti haipenyi kioo kile, na najua nilichekesha. Nilisema mara tatu, nikaondoka, kifurushi nikampa mtunza bustani. Jioni ukaja mbio, macho mekundu, ukaniambia, "Nisamehe, Koko, nilikuwa na wageni."

Nikageukia jiko, ukadhani nimekasirika. Nilikuwa naiona midomo ya Mama Mkubwa.

Mwanangu, ile tamthilia watu walidhani inabashiri magari ya kuruka, na magari hayo bado tunayasubiri wakati barabara ya Ankify haina hata lami ya maana. Kilichokuja ni mlango. Umekuja hotelini, umekuja kwenye kliniki za wenye nazo, umekuja hata ufukweni ambako mama yako alijifunza kuogelea. Na mlango huu ni mbaya kuliko wangu. Mimi nilinyamaza kwa mdomo wangu, nikajua nimefanya nini, na aibu imenitesa umri mzima. Siku hizi mashine inanyamaza badala yetu, nasi tunalala usingizi mzuri. Soa aliuliza mashine ilizaliwa na nani, nikamcheka. Jibu lake ni kwamba tuliizaa sisi tuliokuwa tumeketi sebuleni.

Basi nasaha yangu ni hii. Najua kazi yako unaihitaji, na kadi si yako kumgawia kila mtu. Sikuombi uvunje kioo. Lakini anayebisha, mwangalie usoni. Kama huwezi kumfungulia, inuka utoke wewe, umuulize ana shida gani. Usihesabu hodi zake ukingoja zifike tatu. Na kama siku moja utakaa dirishani, katikati ya waliomo na walio nje, ukaulizwa imekuwaje, sema ilivyokuwa. Walio nje usiwape mwisho mtamu uliowatungia ili wewe upumue.

Na ukikutana na mama mmoja wa makamo yangu, jina lake Soa, vidole vyake vimekunjamana, mwambie Mariama anasema mlango haukufunguka. Mwambie uliokuwa kwenye komeo ulikuwa mkono wangu.

Mungu akulinde, mwanangu. Akufungulie riziki za halali, akujalie pumzi nyepesi kifuani, na asikukutanishe na hodi utakayoizeekea. Haya, sogeza kikombe nikuongezee. Na hao wanaobisha nje sasa hivi, wewe ndiye uliye karibu na mlango. Wajibu.