Kisu cha Mama Mboga

Mashine ile nilipewa mtaa wa Fedha, siku niliyobeba vyombo vya familia moja iliyokuwa inahama. Tulikuwa tumeshusha makochi mawili, friji, na kabati ambalo halikukubali kupita mlangoni mpaka tukaling'oa miguu. Mwenye nyumba akanikuta nimeganda jikoni mbele ya kiboksi cheupe. Akaniuliza kama nakijua. Nikamwambia sikijui, na ndiyo sababu nakiangalia.

"Ni cha kunoa visu," alisema. "Chukua. Huko tunakoenda tutapata kingine."

Kitu nisichokijua hakinipiti. Shule niliiachia kidato cha pili kwa sababu kila nililouliza niliambiwa litafundishwa kidato cha nne, nikaona huko ni mbali. Tangu hapo nilikuwa nimepaka rangi, nimefunga sabuni kwenye katoni, nimeuza mayai ya kuchemsha na kuchanganya saruji, na katikati ya miaka ya tisini nikajikuta nalala kwenye kochi la dada yangu kule Makadara. Shemeji yangu alikuwa amesema nikae mpaka nijipange. Hakusema nitajipanga lini, na mimi sikumuuliza.

Mashine ilikuwa na ukubwa wa mkate, na juu yake ilikuwa na mianya miwili: mmoja wa kukwaruza chuma, wa pili wa kukilainisha. Plagi yake ilikuwa ya miguu miwili na soketi yetu ya matundu matatu, basi nikafanya kama mtaa mzima ulivyofanya: nikasukuma kalamu kwenye tundu la juu ili yale ya chini yafunguke, nikachomeka. Ikanguruma. Dada yangu, aliyekuwa anachambua mchele, akapandisha miguu juu ya kochi.

"Hiyo ikilipuka utamweleza shemeji yako wewe mwenyewe."

"Hailipuki. Ni mawe madogo yanazunguka tu humo ndani."

"Umejuaje?"

"Nimeshaifungua."

Nilijifunza haraka. Kisu hukandamizi; unakivuta tu kutoka kwenye mpini hadi kwenye ncha, pole pole, bila kusimama njiani. Ukisimama, mawe yanakula pale pale na kisu kinabaki na pengo. Nilijifunza pia kwamba kisu cha mkate chenye meno hakipitishwi humo. Hilo nililijua baada ya kukipitisha, na dada yangu akakaa siku mbili akinipa mkate wa kumega kwa mkono.

Lakini kisu chake cha jikoni kilitoka humo kikakata nyanya kama kinakata maji. Alikuwa na ubao wa kukatia, zawadi ya harusi, akazipanga nyanya juu yake na kukata moja baada ya nyingine mpaka zikaisha, kisha akaangalia lile rundo na kusema leo tutakula kachumbari. Habari zikavuka ukuta. Majirani wakaanza kuja na visu vimefungwa kwenye gazeti, na mimi nikanoa bure, kwa raha ya kusikia ile sauti. Walileta visu vya nyama. Sikujiuliza hata siku moja kwa nini vile vya mboga vilibaki nyumbani.

Kisu nilichokitaka hasa kilikuwa cha mama mboga wetu.

Alikuwa mama wa makamo, mtu wa magharibi, aliyenisalimu kwa mulembe ingawa mimi si wa kwao. Kibanda chake kilikuwa mwisho wa safu ya nyumba zetu, na sifa yake ilikuwa mkono. Alikunja majani ya sukuma wiki kama sigara nene, akayashika kwa mkono wa kushoto hewani, bila ubao wala meza, na kisu kikapita juu yake hadi kwenye kidole gumba, kikakigusa, kikarudi, kikapita tena. Mboga ilianguka kwenye mfuko wa mteja ikiwa nyembamba kama uzi, naye muda wote huo anaongea na mteja bila kuangalia mikono. Saa kumi na moja wanawake waliotoka kazini viwandani walifika kwake kwa miguu, kila mmoja na haraka ya kubandika sufuria. Kulikuwa na mwenzake upande wa pili, karibu na mfereji wa maji, lakini yule alikata vipande vipana.

Kisu chenyewe kilikuwa kimeliwa na miaka mpaka kikawa na umbo la jani la mwarobaini, na mpini wake umezungushiwa mpira wa tyubu. Nilikiomba mara tatu.

"Kiache hivyo, mwanangu," aliniambia. "Kimenizoea."

Jirani yake kibandani alikuwa fundi wa viatu, mzee mwembamba aliyekalia kreti. "Huyu akikosa visu," alisema, "atakuja kunoa vijiko."

Ijumaa moja mchana mama mboga aliitwa na akina mama wenzake wa kanisa, akaniomba nimwangalilie kibanda kidogo. Kisu kilikuwa juu ya gunia. Nikakiangalia. Nacho, nikiapa sitaona haya, kilikuwa kinaniangalia. Mlango wa dada yangu ulikuwa hatua arobaini kutoka pale. Nikamwambia fundi wa viatu anishikie kibanda. Alikuwa na misumari mdomoni, kwa hiyo alichoweza ni kutikisa kichwa tu. Nikachukulia kwamba amekubali.

Nilikipitisha mwanya wa kwanza mara sita, wa pili mara nne. Nikakijaribu kwenye mkono wangu, malaika yakaondoka kama yamepulizwa. Nikarudi, nikakilaza juu ya gunia vile vile kilivyokuwa, ncha ikielekea kwenye vitunguu. Sikutaka kumwambia. Nilitaka ajionee.

Alirudi, akaketi, akamkunjia mteja wa kwanza majani yake. Kisu kilipita mara moja. Hakulia wala hakukitupa. Alikiangalia kidole chake kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyemjibu vibaya, kisha damu ikaanza kudondokea kwenye sukuma.

Fundi akatoa misumari mdomoni. "Amekinoa."

"Nani?"

"Hata wewe unauliza?"

Kwenye zahanati alishonwa nyuzi tatu. Muuguzi akamkataza kushika maji wala kisu kwa siku kumi. Tulirudi kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma. Katikati ya njia alisema bila kugeuka:

"Wale wa saa kumi na moja wakienda kwa mwenzangu siku kumi, hawarudi. Miguu huzoea njia."

"Pole, mama."

"Kisu kile kilikuwa kinafika kwa kidole changu na kusimama. Sasa hakisimami." Akatembea kidogo. "Pole haikati mboga. Kesho utaketi wewe."

Jumamosi niliketi. Mtu mzima mwenye ndevu, gunia mapajani, na mama mboga amekaa pembeni yangu juu ya ndoo iliyogeuzwa, mkono umefungwa kitambaa cheupe. Niliogopa kisu kile kuliko nilivyowahi kuogopa chochote cha mjengo. Nilikisukuma kidogo, nikasimama sentimita moja kabla ya kidole, nikakizungusha. Vipande vilianguka vipana kama tiketi.

"Mama, siku hizi umeandika watu wa mjengo?" aliuliza mwanamke mmoja.

"Nikatie ya kupika, bwana," alisema mwingine. "Mimi sifugi sungura."

Wawili waliokuwa nyuma walitazamana, wakavuka kwenda upande wa mfereji. Mama mboga aliwafuata kwa macho mpaka wakapotea nyuma ya kibanda cha mwenzake. Afadhali angenitukana.

Fundi wa viatu ndiye aliyeniita. Alikuwa ameshika kiatu ambacho mwenzake alipotea zamani, akakata ulimi wake, akaukunja. "Lete kidole." Akapima, akashona, akanivisha kofia ya ngozi kwenye gumba la kushoto. Nikarudi kuketi. Kisu kilipita majani kama hayapo, kikafika kwenye ngozi, kikasimama.

Jumapili bado nilikuwa natoa kamba. Kufikia Jumanne nilikuwa natoa uzi. Kulikuwa na swali la usafi, na mwanamke mmoja aliliuliza kwa sauti.

"Hiyo ngozi imetoka kwa kiatu cha nani?"

"Cha mchungaji," alijibu fundi bila kuinua kichwa.

"Basi kata."

Jumatano mmoja wa wale wawili alirudi. Alinyoosha mfuko wake tu, na mama mboga akamuuliza habari za nyumbani kana kwamba walionana jana. Siku hiyo hiyo jamaa mmoja alinipitia: kuna mawe ya kuchonga kule Njiru, gari linaondoka kesho. Wakati mwingine wowote ningekuwa nimeshapanda. Nilimwambia nina kazi. Dada yangu aliposikia aliuliza kama nina homa.

Siku ya kumi nyuzi zilitolewa. Mama mboga alirudi kibandani mchana, akaketi mahali pake, akavaa ile kofia ya ngozi. Akakata jani moja, akaivua.

"Sisikii kitu," alisema. Akakishika kisu, akagusisha gumba kwenye makali, mkono ukarudi wenyewe haraka. Kisha akaninyooshea kisu.

"Kirudishe."

"Wapi?"

"Kilikokuwa."

Mashine yangu haikuwa na mwanya wa kazi hiyo. Nilichuchumaa kwenye ngazi ya saruji ya nyumba ya karibu na kukivuta kisu juu yake kana kwamba naikata ngazi, mara moja, taratibu. Kikalia vibaya, meno yangu yakauma. Nikampelekea. Akakigusa kwa gumba lenye ngozi mpya, nyepesi kama ganda la kitunguu.

"Bado."

Nikarudi ngazini.

"Bado."

"Mtu alisomea kunoa," alisema fundi wa viatu, "sasa anasomea kutonoa. Huyu atafika mbali."

Mara ya tano mama mboga alipitisha gumba huku na huku, macho yameelekea barabarani.

"Hapo," alisema. "Usikiguse tena."

Saa kumi na moja walianza kufika. Mteja wa kwanza alikuwa yule asiyefuga sungura. Mama mboga akakunja majani, akayashika hewani, akanyamaza. Sikuwahi kumwona akikata huku amenyamaza. Kisu kilishuka pole pole, kikafika kwenye kidole, nami nikasogea karibu zaidi. Kikasimama. Kikarudi. Akakata tena, na tena, uzi ukaanza kujaa mfukoni, na fungu la kwanza likaisha.

Kufikia fungu la tatu alikuwa tayari anamuuliza mwanamke mwingine kama mtoto wake alipona kikohozi. Mimi bado nilikuwa nimesimama mbele yake, macho kwenye gumba.

"Na wewe toka hapo," aliniambia, bila kuniangalia wala kuangalia kisu. "Unanikingia mwanga."