Dirisha Nililoliziba kwa Mwiko wa Baba

Baba alikuwa fundi wa kujenga. Wiki nzima alikuwa Kiwengwa kwenye mahoteli, Alkhamisi jioni ndiyo akirudi kwetu Mpendae. Hakuwa akianzia mlangoni. Alikuwa akizunguka nyuma, akisimama kwenye dirisha la chumba cha mama, akimwita. Kisha homa ya siku tatu ikamchukua baba, tukamzika.

Arubaini haijafika, mama akaniita.

"Naam, mama."

"Nizibie dirisha lile, mwanangu."

"Nikatafute fundi?"

"Sitaki mgeni asimame pale. Ziba wewe." Akaitengeneza kanga yake kichwani. "Baba yako kila baada ya alasiri anakuja. Haiti tena. Ananitazama tu."

Sikubishana naye. Nikaufungua mfuko wa baba: mwiko, timazi, pima maji, nyundo, na uzi uliozongwa kwenye kijiti. Baba alikuwa wa mkono wa kushoto, na mpini wa mwiko ulikuwa umelika kwa kidole chake. Mkononi mwangu ulikaa upande.

Sikuwahi kujenga, ila nilikuwa nimemtazama miaka mingi. Asubuhi niliing'oa fremu, nikachanganya mchanga na saruji kwa chepe la kuazima, nikayalowesha matofali, nikavuta uzi. Timazi niliitundika juu ya uwazi, chuma chake kining'inie kwenye uzi kinionyeshe kama ukuta umenyooka. Upepo haukuwapo, hata majani ya mgomba yalikuwa yametulia, lakini kile chuma kikawa kinayumba, hakitaki kusimama. Nikasoma Fatiha. Kikatulia, nikaweka tofali la kwanza.

Kazi ya fundi ya saa mbili ilinichukua kutwa. Magharibi ilipokaribia lilibaki pengo la tofali moja, usawa wa uso wangu. Nikachungulia. Mama alikuwa amekaa kitandani, kanga kichwani, ameelekea kwangu. Uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu msiba.

"Leo umechelewa," akasema.

Nilitaka kumwambia, ni mimi mama. Nikalinyanyua tofali la mwisho, nikalisukuma mahali pake huku bado ananitazama.

Nilipoingia ndani alikuwa jikoni anachemsha chai, kama mtu ambaye hakusema neno. Tangu siku hiyo usingizi wake umerudi, anakula, anakwenda kwenye shughuli za watu.

Mimi nguo sianiki tena nyuma ya nyumba, pale alipokuwa akisimama baba. Jirani akiniuliza, namwambia mbele kuna jua zaidi.