Maua ya Mama Kulwa Hayakauki

Jua hili la Bariadi limekausha bustani zote mtaani kwetu, isipokuwa ya jirani yangu Mama Kulwa.

Maua yangu yamebaki vijiti. Yake yanachanua tu.

Na tangi langu la maji linapungua kila siku.

Leo asubuhi nikajibanza kwenye uzio nimkamate na ndoo. Akatoka mikono mitupu.

"Mwangaluka, jirani. Unatafuta nini hapo?"

Nikamwambia wazi, unaniibia maji.

Akanionyesha mfereji unaotoka bafuni kwangu hadi kwenye maua yake. "Kwa joto hili unaoga mara tatu. Mimi nifanyeje?"

Nikaomba radhi, na chai nikanywa kwake.

Nimefika nyumbani ndipo nakumbuka: mfereji ule niliuchimba mwenyewe, kuelekea maua yangu.

Jamani, mfereji unajigeuza?