Taa Iliyowaka Ubaoni

Juma lililopita nilisimama dirishani pa darasa la tano, mtaani Mangobo, nikimngoja dada yangu mdogo. Mwalimu alikuwa akifundisha umeme kwa nyaya mbili, taa ndogo ya tochi, na betri ambayo msichana mmoja aliileta kutoka nyumbani. Watoto walikuwa wameizunguka meza, na yule msichana ndiye aliyepewa waya wa mwisho auunganishe.

Mlango ukafunguka, akaingia baba wa yule msichana, kofia mkononi.

“Mwalimu, pardon. Pile, ile betri ya radio yangu, iko hapa?”

“Papa, acha kidogo tu, batoto baone ampule inawaka.”

“Bon, masomo sikatai. Lakini ile moto ya ampule itakula pile. Mama yangu iko mugonjwa kule Opala, na komunike, habari za bagonjwa, inapita ku radio saa sita. Nitajua namna gani?”

Mwalimu aliitoa betri, akaipangusa vumbi la chaki kwa shati lake, akamkabidhi baba kwa mikono miwili. Kisha akachora taa ubaoni, akaizungushia miale ya chaki ya manjano.

Msichana, waya ungali mkononi, akauliza:

“Mwalimu, nichore iko inawaka, ao imezimika?”

“Inawaka,” akajibu bila kugeuka. “Ndiyo bataulizaka ku examen.”

Wasomaji wangu, nimejaribu kumlaumu baba, nikashindwa. Nikamgeukia mwalimu, nikashindwa tena. Siku ya mtihani darasa zima litajibu kwamba taa inawaka, nalo litapewa alama zote.