Uzi wa Kwenda Unguja

Siku ile uani kwetu tulikuwa watu sita. Nilikuwepo mimi, mkubwa wa nyumba. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume anayenifuata, kijana wa miaka kumi na tisa, miguu ina tope mpaka magotini. Alikuwepo mdogo wetu wa kike, aliyekwisha kuposwa na watu wa Ushirombo. Alikuwepo kitinda mimba, msichana wa miaka kumi na mmoja, amekalia begi tutakalosafiri nalo ili lisije likaondoka bila yeye. Alikuwepo shangazi, dada wa baba, aliyekuja kutoka Kharumwa na jogoo kwapani. Na alikuwepo baba mdogo kutoka Bugarama, juu ya kigoda, anakunywa uji polepole kama mtu aliyekuja na neno ambalo bado halijaiva. Ukitaka kuwahesabu na wengine, baba na mama walikuwepo pia, nyuma ya nyumba, chini ya mawe tuliyoyapaka chokaa wenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, kiangazi, pamba imekwisha kuuzwa. Nyumba yetu ilikuwa upande wa Isaka, karibu na reli, na tangu utoto tuliijua treni ya Dar es Salaam kwa honi yake. Tulikuwa hatujawahi kuipanda. Sasa zilikuwa zimebaki siku nane tuipande, sisi wanne ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kufika Tabora, twende mpaka Dar es Salaam, kisha tupande boti twende Unguja. Hatukuwa tunakwenda msibani, wala kutafuta kazi, wala kupeleka mgonjwa. Tulikuwa tunakwenda kutembea. Kijijini watu waliniuliza mara mbilimbili, "Kutembea tu?" Nikawa najibu, "Kutembea tu," na nikishajibu nageuka upande ili nicheke.

Nieleze jambo lenyewe lilikotoka. Wazazi wetu walikufa mwaka mmoja, mama akimfuata baba kabla mvua hazijaanza. Mimi nilikuwa darasa la sita. Siku ya kuanua matanga wazee walikaa wakatugawa: huyu aende Kharumwa, huyu Bugarama, huyu kwa wajomba. Nikasimama, jambo ambalo msichana hafanyi mbele ya wazee, nikasema hakuna mtoto atakayetoka katika nyumba hii, shule nitaacha mimi. Kelele zikawa nyingi. Aliyezinyamazisha ni baba mdogo. Alisema, "Mpeni mwaka mmoja tuone." Hawakurudi tena kutugawa.

Jioni ile mdogo wangu wa kiume, wakati huo ana miaka kumi na mmoja, alichukua kitabu changu cha jiografia, akafungua kwenye ramani. "Dada, mahali pa mbali kabisa ni wapi?" Nilimwonyesha kipande kidogo cha ardhi kilichokaa peke yake majini. "Utanipeleka?" Nikasema, "Nitawapeleka. Wote wanne, kwa pamoja." Nilisema ili anyamaze, maana alikuwa na macho mekundu tangu asubuhi. Lakini mimi nikishasema neno hulala nalo na kuamka nalo.

Miaka minane nilishona. Kulikuwa na mama mmoja Mwislamu, mwenye asili ya Kihindi, aliyekuwa na duka la vitambaa Kahama. Alinipa nafasi barazani kwake na cherehani kuukuu, nikawa nashona sare za watoto waliokuwa wakienda shule. Yeye alizaliwa Unguja. Siku moja, akiwa anapima kitambaa cha kaki, alisema mama yake amebaki huko peke yake katika nyumba ya vyumba saba, watoto wote wametawanyika. Nikaacha kukanyaga cherehani. Nikamwambia ahadi yangu. Hakucheka. Aliandika barua, na jibu lilipofika alinisomea mbele ya wateja: njooni, vyumba vinaota vumbi.

Basi siku ile tulikaa kupanga. Mdogo wetu wa kike alikileta kitabu kilekile cha jiografia, kisicho na jalada. Mimi nikatoa uzi mwekundu kwenye kikapu changu. Tuliushika kwa vidole wanne wote: mmoja Isaka, mmoja Tabora, mmoja Dar es Salaam, na kitinda mimba akaishika ncha ya mwisho Unguja, akiminya kwa dole gumba kana kwamba kisiwa kingekimbia. Nikaukata. Tulipouinua, ulikuwa mfupi kuliko kidole changu cha kati.

"Ndiyo safari yenyewe hiyo?" akauliza shangazi. "Mbona hapo naweza kwenda na kurudi kabla maharage hayajaiva!"

"Ni siku mbili kwenye treni, shangazi," nikamwambia. "Halafu boti."

"Na hicho kisiwa hasa ni kitu gani?"

Kitinda mimba alijibu akiwa amenyoosha mgongo kama yuko mbele ya mwalimu. "Kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote."

"Maji gani?"

"Ya chumvi."

"Yote?"

"Yote, shangazi."

 Shangazi alimwangalia jogoo wake, kisha akatuangalia sisi. "Basi hao watu wanakunywa nini?"

Tulitazamana. Katika kupanga kwetu kote hakuna aliyewaza hilo. Kwetu sisi maji ni kitu cha kuamkia alfajiri. Kiangazi unachimba mchanga wa mto mpaka kiwiko, unasubiri yatiririke kidogokidogo ndani ya kata. Watu waliozungukwa na chumvi tuliwaonea huruma ya kweli.

"Mtabeba dumu la maji ya kisima," shangazi akakata shauri. "Ng'wanawane, mwanangu, huwezi kwenda ugenini kwa watu wenye kiu mikono mitupu. Dumu, mchele debe moja, michembe ya viazi vikavu, na huyu jogoo."

"Jogoo atakata tiketi ya mtoto au ya mtu mzima?" akauliza mdogo wangu wa kiume.

"Wewe funga mdomo. Utakuja kuzama huko watu watuletee habari."

"Mimi? Naogelea kama kambale!"

"Kambale wa lambo," akasema mdogo wetu wa kike. "Maji yakikufika kiunoni unamwita mama."

"Nimefika katikati! Muulize huyu, amenihesabia."

Kitinda mimba akathibitisha. "Amekaa chini ya maji mpaka thelathini na mbili. Halafu akatoka anakohoa."

Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya tope la miguuni. Tangu nilipomletea habari za ile barua alikuwa akienda kila siku kwenye lambo wanakonywea ng'ombe, anajifunza kuogelea, maana alisema hawezi kufika baharini akasimama ukingoni kama mbuzi. Alikuwa anataka kuingia. Na tulijua sote kwamba mwaka ule ulikuwa wa mwisho. Baada ya kiangazi mdogo wetu wa kike angekwenda kwa mumewe Ushirombo, na huyu wa kiume angemfuata baba mdogo Bugarama kuingia kwenye duara, yaani lile shimo la dhahabu ambalo mtu hushushwa kwa kamba. Tusipokwenda wote wanne kiangazi kile, tusingekuwa wanne tena chini ya paa moja. Ndiyo maana nilikuwa na haraka, na ndiyo maana nilikuwa na furaha ya kunifanya nisahau chumvi kwenye mboga.

Tulipanga nani atakaa dirishani na kwa zamu gani. Tulipanga nani atashika jogoo Tabora wakati wa kubadilisha zamu. Mdogo wetu wa kike alitaka kujua kama kwenye boti mtu anaweza kushuka kidogo akanyoosha miguu. Tulicheka mpaka majirani wakachungulia.

Ndipo baba mdogo alipoweka bakuli la uji chini.

"Na moshi?" akasema.

"Moshi gani, baba?"

"Wa nyumba hii." Alielekeza kidevu nyuma, kwenye mawe ya chokaa. "Kaka yangu na mke wake wamelala pale. Jiko lao litapoa siku ngapi?"

Sijui kama ni mila ya Wasukuma wote au ni ya ukoo wetu tu. Lakini kwetu nyumba yenye makaburi ya wenyewe haiachwi bila moto. Kila siku lazima moshi utoke, wajue kuna mtu. Na moto huo huwashwa na mtoto wa nyumba, si mwingine. Shangazi hawezi, moto wake uko kwa mumewe. Baba mdogo hawezi, mdogo hawashi jiko la kaka yake. Miaka minane hatukuwahi kukosa wote wanne kwa siku moja, kwa hiyo sikuwahi kulifikiria. Nilipanga treni, nikapanga boti, nikashona nguo nne mpya, nikausahau moshi.

Baba mdogo hakusema kwa ubaya. Alisema akiwa ameinamisha kichwa, na nikajua hilo ndilo neno alilokuwa akilipoza na ule uji.

"Nitabaki mimi," nikasema.

Kitinda mimba alishuka kwenye begi. Akalifungua, akatoa gauni lake jipya, akalikunja, akaliweka kwenye mapaja yangu. "Basi mimi siendi."

"Na mimi siendi," akasema mdogo wetu wa kike. "Nani atatuongoza? Huyu kambale?"

Shangazi akaanza kufuta macho kwa ncha ya khanga. Jogoo peke yake ndiye aliyekuwa akizungumza.

Mdogo wangu wa kiume akacheka. Alicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Sasa nyie mnalilia nini? Mimi bahari yenyewe siitaki. Maji gani hayo hayanyweki! Ng'ombe gani atakubali kunywa kule?" Alisema hivyo na tope la lambo halijamkauka miguuni.

"Hapana," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyeniomba. Wewe ndiye wa kwanza."

"Dada, wewe uliacha shule. Mara moja na wewe uache nyumba."

 Baba mdogo alimtazama, akasema, "Huyu ni mtu," basi. Mdogo wangu naye, kama vile jambo lilikuwa dogo, akauchukua ule uzi mwekundu na kitabu. "Hivi viacheni hapa. Nitawafuata kwa kidole. Jumanne usiku mko Tabora, sivyo? Na mniletee hayo maji niyaone. Dumu si mnalo? Yakimwagwa ya kisima mjaze ya chumvi."

Siku nane zile hakwenda tena lamboni.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri kuliko nilivyoweza kuiota, na nitakuwa mwongo nikisema tulikwenda na huzuni. Mama mwenye duka alipoliona dumu alicheka mpaka akaegemea kaunta, lakini mama yake kule Unguja, bibi mdogo wa umbo mwenye miwani minene, alilipokea kwa mikono miwili, akamimina kikombe, akanywa akiwa amefumba macho. "Matamu," akasema. Kitinda mimba aliingia baharini na nguo zake zote. Mdogo wetu wa kike alisimama maji yakiwa magotini, akapiga kelele za furaha ambazo sikuwahi kuzisikia kwake. Mimi nilionja kwa kidole. Kisha nikajaza dumu.

Tulichelewa kurudi siku moja, treni ilikaa Tabora. Tuliposhuka Isaka alikuwa amekaa kwenye sakafu ya stesheni na baiskeli yake. Kwa uzi wake tulikuwa tumefika jana, kwa hiyo jana pia alikuja. Kila mara alikuwa amewasha moto kwanza. Tulimpa dumu palepale. Alimimina kiganjani, akaonja, akakunja uso wote.

"Haya ndiyo maji mliyoyafuata mkaniachia ng'ombe?"

Watu wa stesheni walicheka pamoja nasi. Lakini lile dumu hakulimwaga. Alilifunga kwenye baiskeli, akalisukuma mpaka nyumbani, akaliweka nyuma, karibu na mawe ya chokaa.

Bugarama alikwenda, akarudi salama, akaoa, akajenga pale pale uani. Nikimwambia twende, anauliza, "Na moshi?" Nikisema nitaulinda mimi, anasema, "Basi tutakuwa watatu tena, dada, ahadi ilikuwa wanne." Ni kweli. Binti yake wa kwanza ni mtoto wa nyumba, na siku moja ataweza kuliwasha jiko lile yeye mwenyewe. Mwaka huu ana miaka minane. Moto bado anaupuliza mpaka unazimika.

Uzi mwekundu uko kwenye kikapu changu cha kushonea. Ncha yake ya mwisho imefifia, pale mdogo wangu wa kiume alipoiminya kwa kidole siku zote zile akitusubiri. Watatu niliwafikisha. Mmoja bado ananidai.