Safari ya Moyo Wangu hadi Dar, Mkwe Akiwa Kiti cha Mbele

Hapana, kifua hawakunipasua. Walipitia mkononi, hapa penye kifundo, wakaingiza waya mwembamba mpaka kwenye moyo, na mimi niko macho nawatazama. Kovu lenyewe ndilo hili, utadhani nimeumwa na mbu. Mlioleta kuku wa pole mkifikiri nimeshonwa kama gunia, poleni ninyi. Kuku harudi.

Safari yenyewe ilianzia hapahapa Mpemba, kabla Songwe haijawa mkoa, bado tunaitwa watu wa Mbeya. Nilikuwa napandisha kutoka barabara kuu na ndoo ya maharage yaliyobaki sokoni. Nikifika katikati ya mlima, kitu kinanikalia hapa. Si kuchoma. Kunikalia, kama mtu mnene aliyekaa juu yako na hana haraka ya kwenda popote. Kinapanda kwenye taya, kinashuka mkono wa kushoto. Nikisimama kidogo, kinaondoka. Nikianza kupanda, huyo amerudi.

Nikaenda zahanati. Tabibu wa pale ni mdogo wake mkwe wangu, kwa hiyo naye ni mkwe. Akaniuliza huku anaangalia dirisha, "Mama, wapi panasumbua?" Nikamjibu huku naangalia mlango, "Tumbo." Akanipa vidonge vya kutafuna vya vidonda vya tumbo, ladha kama chokaa ya ukutani. Nikatafuna chokaa ile tangu watu wanapanda mbegu mpaka mavuno.

Ninyi wa mbali msinicheke. Kwetu mwanamke na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawatajani majina. Akikuona njiani anaingia kwenye mahindi mpaka upite. Na kifua ndiyo kabisa, maana ndicho kilichomnyonyesha mke wake. Utakitajaje mbele yake? Mkwe wangu, mume wa Subira, ni dereva wa malori, mrefu kama nguzo ya simu. Kiangazi mahindi yakishavunwa hana pa kujificha, basi anainama anajifanya anafunga kamba za viatu. Na amevaa ndala.

Siku ya soko, Tunduma, nilikuwa nimekaa tu kwenye gunia langu, sijabeba kitu. Mtu mnene akaja akanikalia bila kupanda mlima wowote. Jasho likanitoka, baridi. Mteja wangu wa kutoka ng'ambo, mama mmoja wa Zambia ambaye akinunua debe hulitikisa mpaka maharage yanalia, akaacha kutikisa. "Bamayo, mulelwala?" Nikamwambia siumwi, endelea kuniibia. Akasema, "Maharage nitakuibia kesho. Leo unaenda kwenu." Akasimamisha teksi, akanipakia kama mzigo wake.

Nyumbani wakakaa kikao. Wanangu wa kiume wako machimboni Zambia. Subira ana mtoto mchanga. Mzee wangu nyonga haimruhusu hata kufika barabarani. Dada yangu akiona basi tu anatapika. Aliyebaki, anayeijua barabara ya Mbeya na Dar kama sebule yake, ni yule mrefu. Subira akalia, "Mama, nenda naye tu, mtakaa mbalimbali." Hela ilipatikanaje? Mwulizeni ng'ombe wa mzee, kama mtamwona.

Asubuhi tukapanda basi la Mbeya, yeye kiti cha mbele nyuma ya dereva, mimi kiti cha mwisho juu ya tairi. Akitaka kunisemesha anamtuma konda. Konda kijana wa mjini, sauti ya kukwaruza, anapita katikati ya watu: "Mama wa nyuma! Jamaa anauliza unapumua?" Namwambia, mwambie napumua. Anarudi mbele anapiga kelele: "Anapumua!" Basi zima likajua kuna mtu anapumua.

Mbeya, hospitali. Tukaingizwa kwa daktari kijana, mwembamba, anasema haraka kama redio iliyoshikwa na mtoto. "Mamaumriwako, mamaunaumwanini, mamatangulini?" Nikataka mkwe abaki nje. Daktari akasema, "Hapana, ndugu aingie, ninyi wazee mnasahau maelezo." Mrefu akaingia, akaenda kusimama kwenye kona, uso ukutani, utadhani mtoto wa shule aliyeadhibiwa.

"Panauma wapi?"

"Tumbo," nikasema.

"Juu au chini?"

"Tumbo la juu."

Akaandika. Akasema ni vidonda, nibadilishiwe dawa, nirudi wiki nyingine waniingize kamera mdomoni waangalie tumbo. Nikaanza kufunga kanga yangu. Nimefurahi, nitalala kwangu.

Kwenye kona ukuta ukasema. Naam, mimi niliona kama ukuta umesema. Sauti nzito, ya polepole, "Daktari, si tumbo. Ni kifua."

Nikasikia masikio yanawaka.

"Umejuaje?" daktari akauliza.

"Mimi mkwe. Nikimwona anakuja lazima nijifiche. Sasa ukijificha, huwezi kutoka mpaka ujue mwenzio amepita." Bado anauambia ukuta. "Nakaa kwenye mahindi nachungulia amefika wapi. Zamani alikuwa anapita mara moja. Mwaka huu nakaa mpaka miguu inakufa ganzi. Anapanda kidogo, anasimama, anashika kifua hivi, anasugua mkono wa kushoto, anashika taya. Kikimwachia ndiyo anaendelea. Tumbo halishikwi hapa juu."

Daktari akaweka kalamu chini. Sasa anasema taratibu kabisa, redio imepata mtu mzima. "Mama, ni kweli?"

Nikavuta kanga nikajifunika kichwa. Akaniangalia, akamwangalia yule wa kwenye kona, akamwambia, "Kaka, toka nje kwanza." Mrefu alitoka mbio, akagonga kiti cha magurudumu na mgonjwa wake juu. Ndipo nikatikisa kichwa kwamba ni kweli.

Wakanilaza kitandani, wakanibandika vinyonyeo kifuani, waya kila mahali, mashine ikatema karatasi ya milima na mabonde. Daktari akaisoma kama mtu anayesoma barua ya msiba. Akanitafunisha aspirini, akanipulizia dawa chini ya ulimi. Akasema moyo nao ni nyama, unataka damu yake wenyewe, na mishipa inayoulisha inaelekea imebana. Nikalazwa. Wakanichoma sindano za kuzuia damu isigande, na muuguzi mmoja mnene kila akipita: "Bibi usiinuke! Bibi nimesema nini!" Mtu wangu wa kunikalia akatulia. Baadaye wakasema sasa unaweza kusafiri, ila kipimo chenyewe kiko Dar.

Kutoka Mbeya hadi Dar sikutuma salamu mbele. Konda mpya anakuja, "Mama, yule bwana anauliza kama umekunywa dawa." Nanyamaza. "Mama, anauliza kama unataka kuchimba dawa, tunasimama Makambako." Nanyamaza, nashuka mwenyewe, nachimba nyuma ya kichaka, napanda. Mlima Kitonga tukiushuka, watu wanashika viti wanaomba Mungu, mimi naangalia kisogo chake tu, namwambia kimoyomoyo: umenivua nguo mbele ya mtoto wa watu. Mikumi kulikuwa na tembo kando ya barabara. Wote wakasimama kuangalia. Mrefu hakusimama, angewaziba.

Dar es Salaam, joto kama umefunikwa sufuria. Hospitali kubwa, watu wa moyo wana jengo lao na foleni yao. Wakanipaka mafuta ya baridi kifuani, wakanipitishia kile kidude cha kuangalia mimba. Nikamwambia dada wa mashine, akionekana mtoto mwite jina la babu yake. Akacheka mpaka picha ikacheza. Chumba cha pili kulikuwa na mashine ya kutembelea. Mzee mmoja mwenye kitambi, cha ofisini kile, anatembea juu ya mkanda, anahema, hafiki. Nikauliza anaenda wapi. Wakasema wanaangalia moyo ukifanya kazi. Mimi wakaninyima. "Wewe bibi maumivu yameshakuja umekaa," wakasema, "hatukutembezi."

Daktari wangu Dar alikuwa mwanamke wa pwani, maneno yake yana mafuta. "Bibi yangu we, mishipa ya moyo wako imeingia ukoko ndani kwa ndani, kama sufuria ya wali. Damu inapita kwa kubembeleza. Nitatia rangi nione ukoko uko wapi. Pakizibuka kwa mkononi, nitazibua hukohuko. Kama pamekataa, tutazungumza habari ya kupasua." Akataka ndugu yangu aje asikilize. Mrefu akaja, akatugeuzia mgongo.

Daktari akashangaa. "Mmegombana?"

"Hapana, daktari. Namheshimu."

"Basi uheshimu masikio yako yasikie. Hatari ipo, ndogo, lakini ipo. Tukimwacha alivyo, hatari ni kubwa zaidi." Akanigeukia. "Bibi, ni mwili wako. Unasemaje?"

Nikasema zibua. Sikusafiri njia yote ile kuja kuona bahari.

Siku ya waya, chumba baridi kama bucha, wote wamevaa nguo za rangi ya majani mabichi na vifuniko vya nywele. Wakanichoma ganzi kifundoni. Waya ukaingia, siusikii. Rangi ilipopita nikasikia joto mwili mzima, nikadhani nimejikojolea, nikawaomba radhi. Wakasema hujakojoa, bibi, kila mtu anasema hivyo. Kwenye runinga nikaona mizizi inajitokeza na kupotea, inaruka ruka. Huo ndio moyo wangu. Mzizi mmoja mnono, halafu ghafla unakonda kama kiuno cha nyigu, halafu mnono tena.

"Unaona hapo?" daktari akasema. "Umebaki upenyo wa uzi."

Akapitisha kipuliza kidogo kilichokunjwa ndani ya wavu wa chuma. Kilipofika kwenye kiuno cha nyigu akasema, "Sasa bibi, nitapuliza. Niambie unasikia nini." Akapuliza. Mtu mnene akaja, na mizigo yake yote.

"Kinauma?"

"Kifua kinauma!" nikapiga kelele. "Kifua! Amekaa!"

"Vumilia kidogo. Natoa upepo. Na sasa?"

Akainuka. Nawaambia aliinuka, nikamsikia anaondoka. Kwenye runinga nyigu hana kiuno tena. Kipuliza kikatolewa, wavu ukabaki, unashikilia mshipa usirudi kubana. Ndicho chuma pekee nilichotoka nacho Dar.

Kabla ya kutoka, daktari akanionya na kidole juu. "Bibi, dawa hizi mbili zinazuia damu isigande kwenye wavu. Usiache hata siku moja kwa kuwa umepona. Siku utakayojiona umepona ndiyo uzimeze vizuri. Hii ya usiku ni ya mafuta ya damu. Na hii ya chini ya ulimi, kifua kikibana, kaa chini kwanza ndiyo uweke. Kisipoachia, hospitali mbio. Mafuta punguza, chumvi punguza, tembea." Nikamwambia unanipunguzia kila kitu isipokuwa kutembea. Akasema ndiyo.

Kurudi, basi liliposimama Ilula wauza vitunguu wakaning'inia madirishani. Nikamwita konda. "Mwambie yule mrefu wa mbele achague vitunguu, achague vile vikavu, Subira hapendi vya maji." Konda akaenda. Nikaona kile kisogo kinatikisika kama kinacheka, kikanunua gunia dogo.

Mpemba tulifika mchana, nikapanda mlima kutoka barabarani bila kusimama, mikono mitupu lakini bila kusimama. Nilichojifunza nawapa bure: kitu kikikubana ukipanda na kikikuachia ukikaa, msikitafunie chokaa. Kitajeni jina lake kwa daktari, hata kama mkweo amesimama kwenye kona.

Lakini habari zilikuwa zimefika kabla yangu, maana mrefu alimsimulia Subira kwa simu, na Subira husema na simu kwa kelele. Kesho yake shemeji Yohana, kaka mkubwa wa mume wangu, akaja na wazee wa ukoo. Wakakaa uani. Mimi niko ndani, maana aliyekosewa hasemi. Mkwe ameketi nyuma ya ghala, mgongo kwa wazee. Subira kasimama mlangoni, mtoto mgongoni.

Shemeji Yohana husema kwa pua, kila neno analipandisha kilima. "Tuu-me-sikia. Mkwe ametaja kifua cha mama mkwe. Mbele ya nani? Ya mtoto mdogo wa Mbeya! Kifua kilichomnyonyesha mkewe! Atoe mbuzi. Dume. Mpaka atoe, Subira asirudi kwake."

Mwingine akadakia, "Na kuku wa kunawia mikono."

"Na kuku," shemeji akasema.

Subira akaanza kulia. "Baba mkubwa, alikuwa anamsaidia mama."

"Msaada una mipaka! Kwani hakuwepo mtu wa kumnong'oneza? Angeita muuguzi! Angengoja! Mila haiendi hospitali ikabadilishwa damu."

Nyuma ya ghala mrefu akasema, "Nitatoa." Hilo tu.

Wakaanza kubishana mbuzi achinjwe wapi, nani apewe mguu, nani kichwa. Mimi nyama ya mafuta nimekatazwa, lakini nasikiliza, nataka kujua mguu unaenda kwa nani. Mzee wangu muda wote yuko kwenye kigoda chake, nyonga imenyooshwa, anachonga mpini wa jembe. Mtu ambaye husema siku ya mvua na siku ya ubatizo. Shemeji akamgeukia. "Na wewe mdogo wangu, mwenye mke, unasemaje?"

Mzee akapuliza vumbi la mbao kwenye mpini.

"Angekaa kimya, huyo mbuzi mngekuwa mmeshamla msibani."