Timu Isiyo na Mrusha Mpira

Frankline hajawahi kuona mechi ya besiboli, na akiulizwa sheria zake hukohoa na kubadilisha mazungumzo. Lakini kadi zake anazipenda, jamani! Ni kadi za zamani zenye picha za wachezaji wa Kimarekani, wenye masharubu mazito na kofia zilizoinamishwa. Wageni wakihama Riyadh huuza vyombo vyao, na kadi huishia kwenye soko la mitumba, chini ya pasi na vikombe. Zilizo safi huwahiwa na wenye nazo. Frankline, dereva wa nyumba moja ya mtaa wa Shumaisi, husubiri zilizokunjika pembe, ambazo huuzwa kwa bei ya kikombe cha chai.

Kwa subira hiyo alikuwa amekusanya wachezaji wanane wa timu moja. Alimkosa wa tisa tu, mrusha mpira, na hata yeye alijua kwamba bila huyo mchezo hauanzi.

Wa tisa alikuwa Jeddah, kwa Bi Ruqayya, muuguzi wa Kizanzibari aliyefahamiana naye kwenye kundi la wakusanyaji simuni. Bi Ruqayya alikubali wabadilishane: mrusha mpira kwa kadi kongwe kuliko zote za Frankline, ya timu nyingine, ambayo kwa bahati haikuwa na kunjo hata moja. Bosi aliposema wanakwenda Jeddah, Frankline nusura aimbe. Akaipeleka kadi yake dukani kwa fotokopi, ikavishwa plastiki kwa mashine ya moto, kama Mkenya yeyote anavyokifanyia cheti chake cha shule.

Walikutana Jeddah, mtaa wa Al-Baghdadiyah, nje ya duka la chai. Bi Ruqayya aliigeuza kadi huku na huku, akashika kiuno.

"Mwanangu we, umefanya nini? Plastiki hii haibanduki! Mkusanyaji gani ataitaka?"

"Si nime-laminate isiharibike, mama?"

"Ndo ushaiharibu!"

Moyo ulimshuka Frankline. Mrusha mpira alikuwa pale pale, mkononi mwa mwenyewe. Angeweza kubembeleza, lakini aliona aibu.

"Pole, mama. Kwetu kitu cha maana lazima ui-laminate. Wewe baki tu na yako."

Bi Ruqayya alitoa mkobani kichupa cha dawa ya mikono, akaimwagia kadi, akaifuta kwa leso. Ikang'aa, wala wino haukutoka.

"Loo! Wodini kwangu watoto hulazwa miezi. Kila nikitaka kuwapelekea kadi nakatazwa, karatasi haifutiki kwa dawa. Hii inafutika!"

Akacheka mpaka wapita njia wakageuka. Akamshikisha Frankline mrusha mpira, na bunda zima la kadi alizokuwa nazo mbili mbili.

"Hizi zipeleke kwa fundi wako azivishe plastiki, kisha unitumie niwape watoto. Ila huyo wa tisa usimguse na plastiki, wallahi!"

Garini, akimngoja bosi, Frankline aliwatoa wale wanane aliosafiri nao, akawapanga wote tisa juu ya kiti. Furaha ilimjaa hadi machoni. Aliwatazama mpaka akatosheka, kisha akawakusanya, akawaweka juu ya lile bunda la kwenda kwa fundi. Bi Ruqayya angefoka. Na afoke tu. Watoto wa wodi ile watapewa timu nzima, si makombo.